Kicheko Kisichochuja

Wako watu wanaoamini kwamba filamu ikishatazamwa mara moja imekwisha kazi yake, kama tikiti ya basi iliyokwisha kutobolewa. Watu hao huona ajabu kumkuta mtu mzima, tena mwenye elimu yake, ameketi na watoto wakati wa Krismasi akicheka kichekesho ambacho mwisho wake anaujua tangu utotoni. Huuliza: unatafuta nini humo ambacho hukukipata mwaka jana? Swali hilo ni la haki. Na kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kurudia yaliyokwisha kusomwa, nimeona si vibaya tulijibu kwa utulivu.

Filamu ninayoikusudia ni Home Alone, yaani "Peke Yake Nyumbani", iliyotolewa Marekani mnamo Novemba 1990. Iliandikwa na John Hughes, ikaongozwa na Chris Columbus, na muziki wake ukatungwa na John Williams. Macaulay Culkin, mtoto wa miaka 10 wakati filamu ilipotoka, aliigiza kama Kevin McCallister, kitindamimba wa miaka 8 katika nyumba iliyojaa ndugu na binamu. Mnamo 2023, miaka 33 baadaye, Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Basi hata huko kwao kuna wazee wenye miwani walioamua kwamba kichekesho hiki si cha kutazamwa na kutupwa.

Kwa faida ya asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Watu 15 wamelala katika nyumba moja kubwa karibu na Chicago, tayari kusafiri kwenda Paris kwa Krismasi. Usiku huo Kevin anagombana na kaka yake kwa sababu ya chakula, maziwa yanamwagika, naye anaadhibiwa kwa kupelekwa kulala darini. Kwa hasira anaomba jamaa zake wote watoweke. Upepo wa usiku unakata nyaya za umeme, saa za kuwaamshia zinazimika, na asubuhi wote wanaamka wamechelewa. Katika pilikapilika za kuondoka, binamu mmoja anawahesabu watoto na kumhesabu mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia mizigo. Hesabu inatimia, lakini mtoto hayumo. Mama anakumbuka wakiwa angani. Huku nyuma, Kevin anafurahia uhuru wake, kisha anaanza kuogopa, na hatimaye anailinda nyumba kwa mitego dhidi ya wezi wawili, Harry na Marv.

Huku Homa Bay na Migori, pande mbili zilizokuwa zamani chini ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, filamu hii haikuingia kwa mlango wa majumba ya sinema. Ilikuja kwa kanda za video. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza mapema miaka ya 1990, katika kibanda cha mabati mjini Homa Bay, jenereta ikinguruma nje kiasi cha kuyameza maneno yote ya waigizaji. Hasara haikuwa kubwa, maana wengi wetu Kiingereza chetu kilikuwa bado cha kubahatisha. Kijana mmoja mkubwa alisimama kando ya runinga akitueleza mambo kwa Kijaluo, na pale alipokuwa hajui alitunga. Baadaye nilikuja kutambua kwamba kazi aliyokuwa akiifanya ni sanaa kamili katika Afrika Mashariki: Kampala ina wafasiri wake wa filamu waitwao VJ, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Nairobi ina DJ Afro. Hao wote wamethibitisha kwamba watazamaji wetu hawaipokei filamu ya kigeni kama mzigo uliofungwa. Huifungua, wakaipanga upya kwa lugha yao.

Lakini kwa nini filamu hii hasa ilieleweka hata pasipo lugha? Tulinganishe na vichekesho vyetu wenyewe. Waliokua wakitazama Vitimbi katika runinga ya taifa watamkumbuka Mzee Ojwang, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Hakuwa Mjaluo kwa kuzaliwa, ila alikitamka Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya wengi waamini kuwa ametoka huku kwetu. Kicheko chake kilikaa kwenye ulimi, na ili kukicheka ilibidi uwe unakijua Kiswahili kinachopotoshwa na Kijaluo kinachokipotosha. Kicheko cha Home Alone kimekaa kwenye mwili: mtu mzima anateleza kwenye barafu, mwizi anashika kitasa cha moto, mrefu anamkwaza mfupi. Hakihitaji kamusi. Ndiyo maana mtoto wa Suna, wa Mbita au wa Kehancha alikipata papo hapo, awe anazungumza Kijaluo, Kisuba au Kikuria nyumbani kwao.

Hata hivyo, kama mitego ndiyo ingekuwa yote, filamu hii ingechuja zamani. Kuteleza kwa mwizi kunachekesha mara ya kwanza kwa sababu hukukutarajia, na mara ya kumi kunachekesha kidogo tu kwa mazoea. Kuna jambo lingine linaloturudisha.

Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla ya runinga. Katika boma la Kijaluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mkongwe ambamo watoto walilala na kusimuliwa sigana, yaani ngano. Hakuna mtoto aliyemwambia nyanya yake kwamba hiyo hadithi ya Apwoyo, yule sungura mjanja, ameshaisikia. Kinyume chake, aliiomba ile ile, na nyanya akikosea neno moja alisahihishwa na ukumbi mzima. Mwisho walikuwa wanaujua. Walichokitaka ni kupita tena njia ile wakiwa salama, mkononi mwa mtu wanayemwamini. Kevin mwenyewe ni sungura wa ngano zetu, mdogo asiye na nguvu ila mwenye akili. Na Harry na Marv ni fisi, wenye meno na tamaa bila busara. Mtoto wa Nyanza Kusini aliyewahi kulala siwindhe hakuhitaji kutambulishwa kwao.

Ila ngano ya siwindhe ilikuwa na siri nyingine. Mtoto aliyeisikiliza akiwa na miaka 5 aliisikia upya akiwa na miaka 12, kisha siku moja akajikuta yeye ndiye anayeisimulia. Maneno yalibaki yale yale, aliyebadilika ni msikilizaji. Hapa ndipo ilipo hoja yangu: filamu hii inastahili kurudiwa kwa sababu imetuwekea viti kadhaa ndani yake, na kila umri unatuhamisha kutoka kiti kimoja hadi kingine.

Kiti cha kwanza ni cha mtoto. Nilipokuwa kibandani niliketi na Kevin, nikafurahia kulala kitanda cha wakubwa na kula peremende bila kuulizwa. Mtoto katika nyumba iliyojaa watu ana kiu mbili zinazopingana: anataka wote waondoke, na anataka aonekane. Nani asiyeijua nyumba hiyo? Desemba ikifika, mabasi kutoka Nairobi na Mombasa huwamwaga watu Oyugis, Rongo, Awendo na Migori hadi usiku wa manane. Boma lenye watu 6 mwezi wa Oktoba huwa na 30 mkesha wa Krismasi. Watoto hulazwa kwenye mkeka kama samaki waliotandazwa juani, kila mmoja na miguu ya mwenzake kichwani. Katika wingi huo ni rahisi mno mmoja kupotea bila kuondoka. Huenda ni yule aliyerudi kutoka shuleni na alama asizotaka ziulizwe, au ni binti asiyejua kama karo ya Januari itapatikana. Yupo, anakula na wenzake, anahesabiwa. Hata hivyo, hakuna aliyemwona.

Jambo hilo la kuhesabu lina uzito kwetu. Katika jamii kadhaa za Kenya wazee hawapendi watoto wahesabiwe kwa kidole. Huona ni kuita balaa. Msomi anaweza kuliita hilo ushirikina, lakini filamu hii inalipa maana mpya. Binamu mtu alihesabu vichwa bila kutazama nyuso, na idadi ikamdanganya. Baadaye polisi aliyetumwa kubisha hodi anaondoka bila kumwona Kevin, aliyejificha, na ushauri anaoutoa ni kwamba jamaa hao wakahesabu watoto wao tena. Kila nirudiapo kuitazama hucheka hapo zaidi ya penye mitego. Mwalimu mwenzangu mwenye darasa la wanafunzi 70 na rejista mkononi ataelewa ni kwa nini.

Kiti cha pili ni cha mama. Sikukiona kabisa nilipokuwa mtoto. Kwangu mama yake Kevin alikuwa mtu wa kupitisha wakati hadi wezi warudi. Nilipopata watoto nilimwona kwa mara ya kwanza, miaka mingi baada ya kumtazama. Kate McCallister, aliyeigizwa na Catherine O'Hara, anapiga simu kutoka Paris na kurushwa kutoka meza hadi meza, kila afisa akimwambia kwamba jambo lake ni la mwenzake. Uwanjani anawasihi wasafiri wazee wamwuzie nafasi yao katika ndege, akiwapa pesa na vito vyake. Anafika Scranton, mji ulio mbali bado na nyumbani, na hakuna tena ndege. Anapanda gari la bendi ya wanamuziki wasiomjua, na kiongozi wao, Gus Polinski, anamliwaza kwa kumsimulia jinsi yeye naye alivyowahi kumsahau mtoto wake.

Kisha kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani. Mama anafika nyumbani asubuhi ya Krismasi, na dakika chache baadaye jamaa wengine wanaingia, wamekuja raha mustarehe kwa ndege ya kawaida ambayo yeye hakutaka kuingoja. Kwa hesabu ya saa, taabu yake yote ilimwokolea dakika tu. Je, ilikuwa bure? Niliwahi kulitupa swali hili mbele ya wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza, na mjadala ukaendelea hadi kipindi cha mwalimu mwingine. Aliyekuwa na mtoto darasani hakuhitaji kujadili. Alitikisa kichwa tu.

Kiti cha tatu ni cha mzee Marley, jirani mwenye ndevu nyeupe na beleshi la theluji. Buzz, kaka yake Kevin, anawasimulia wadogo kwamba mzee huyo ni muuaji aliyewamaliza jamaa zake. Ushahidi haupo, ila usimulizi unatosha, na kila atokeapo watoto hutimua mbio. Baadaye Kevin anakutana naye kanisani, ambako mzee amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya kwa siri, maana yeye na mwanawe waligombana miaka mingi iliyopita na hawasemezani. Mtoto anamwuliza kwa nini asimpigie mwanawe simu. Mzee anasema anaogopa. Mtoto, ambaye wakati huo ameshaishinda hofu yake ya chumba cha chini, anashangaa kwamba hata wazee huogopa.

Kwa taaluma yangu naiita sehemu hii somo la uvumi. Neno likishapewa mtu, watu huacha kumtazama mtu wakatazama neno. Nasi hatuna haja ya kwenda Chicago kuliona hilo. Kaunti ya Kisii inapakana na Homa Bay na Migori. Mnamo Oktoba 2021, katika eneo la Marani kule Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa kuitwa wachawi. Kabla ya moto palikuwa na neno, na kabla ya neno palikuwa na watu waliolisimulia kwa wenzao, wengine labda kwa kicheko, kama Buzz dirishani. Sisemi kwamba kichekesho cha Krismasi kinaweza kuzuia mauaji. Nasema kwamba mtoto aliyemwogopa Marley dakika ya 10 akamlilia dakika ya 70 amejifunza kwa moyo wake jambo ambalo hotuba nyingi za baraza haziwezi kumfundisha. Na anapoitazama filamu mara ya pili, anamwona mzee yule yule mwenye beleshi lile lile, ila hamwogopi tena. Somo liko hapo. Mtazamaji wa mara moja hulikosa.

Tena wapenzi wa lugha wana riziki yao. Kevin anawafukuza watu kwa kuwachezea kanda ya filamu ya zamani ya majambazi: sauti ya jambazi inatoka ndani, inazungumza na mtu mwingine kabisa, lakini kijana wa piza aliyesimama nje anadhani anaambiwa yeye, naye anakimbia roho mkononi. Maneno ni yale yale, muktadha umebadilishwa, maana imegeuka. Nimepata kulitumia tukio hilo kufundishia pragmatiki, na sijapata mfano mwepesi zaidi wa kuonyesha kwamba maana haikai kwenye sentensi peke yake.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba filamu hii ina ukatili: pasi inamwangukia mtu usoni na moto unamchoma kichwa, naye anainuka kana kwamba amekanyaga mwiba tu. Pingamizi hili lina ukweli. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba mtu halisi angekufa, na wala asiachwe kuitazama peke yake, jambo ambalo kwa filamu yenye jina hili lingekuwa kichekesho kingine.

Ya pili ni kwamba huo ni ulimwengu wa matajiri wa ng'ambo, wenye nyumba ya ghorofa na fedha za kuwapeleka watu 15 Paris. Kweli. Mama yangu, ambaye anazungumza Kijaluo tu, alikaa nasi siku moja nyumbani karibu na Homa Bay, wajukuu wakimfafanulia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Huyo mtoto hana nyanya?" Katika maneno hayo machache mna uhakiki ambao sijausoma popote. Utajiri wote ule haukununua mtu wa kubaki nyumbani. Wala mama hakuikataa filamu kwa sababu hiyo. Aliijaza pengo lake kutoka kwenye maisha yake, kama kila msomaji mwema afanyavyo.

Ya tatu ndiyo nzito: kwa nini tusitazame hadithi zetu? Hapo sina ubishi. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alituonyesha katika Supa Modo jinsi kijiji kizima cha Kenya kinavyoweza kukusanyika kumzunguka mtoto mmoja mgonjwa mwenye ndoto ya kuwa shujaa. Tunahitaji nyingine, na hasa za kuchekesha. Hebu fikiri kisa cha mtoto anayeachwa kwenye gati la Mbita mashua ya mwisho ikielekea Mfangano, kila shangazi akidhani yuko na shangazi mwingine. Kisa hicho kinangoja mwandishi, na huenda mwandishi huyo yuko shule ya upili huko Ndhiwa au Uriri. Ila hatajua kukitunga asipojua kwa nini kile cha wenzetu kimedumu. Na hatajua kwa nini kimedumu kwa kukitazama mara moja.

Hapo ndipo mambo ya sebuleni yanapoingia darasani. Wanafunzi wetu wengi husoma riwaya au tamthilia teule mara moja, kisha wakakimbilia kijitabu cha mwongozo kinachowapa wahusika na maudhui yakiwa yamekwisha kutafunwa. Tunawalaumu kwamba hawapendi kurudia kusoma, ilhali hao hao hurudia kutazama kichekesho kimoja mwaka baada ya mwaka bila kuamrishwa. Hivyo uwezo wa kurudia wanao. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba wanachokifanya mbele ya runinga, kugundua leo tabasamu ambalo jana hawakuliona, ndicho hicho tunachokiita uhakiki.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, badala ya ile insha ya kila mwaka ya "Jinsi Nilivyotumia Likizo Yangu", jaribu kazi hii. Waambie wanafunzi wachague kichekesho wanachokipenda na wanachokijua, kiwe hiki au kingine, wakitazame tena pamoja na mtu mmoja aliye mkubwa kuwaliko kwa miaka 20 na mwingine aliye mdogo. Kisha waandike ni wapi kila mmoja alicheka na ni wapi alinyamaza, na waeleze sababu. Nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa Migori tulifanya hivyo Krismasi moja bila kupanga. Watoto walicheka mwizi alipoanguka, dada akanyamaza mama alipokuwa akisihi uwanjani, na shemeji yangu, ambaye alikuwa hajasemezana na ndugu yake tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, alitoka nje Marley alipopungia mkono dirishani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kama alipiga simu au hakupiga, hilo ni lake. Sisi tuliacha filamu iendelee hadi mwisho, na watoto wakaomba irudiwe.